Ilishuka Jumamosi, Jumatatu ikaingia kazini

Mashine ya kusaga visiki ilishushwa kwenye Fuso pale Tengeru Jumamosi jioni, na Jumatatu saa mbili asubuhi ilikuwa inakula kisiki cha mgrivea Ngaramtoni. Jumapili nzima niliimalizia kwenye simu nikitafuta wateja. Kama Jumapili ile ningefungua mifuniko miwili tu na kutazama kilichomo, ningeokoa zaidi ya shilingi laki tisa na wiki tatu za mashine kulala bila kazi. Naandika kwa ajili ya yeyote aliyeona mashine kama hii mahali, iwe kwenye kontena la mitumba au kwa jirani anayeuza, na sasa anapiga hesabu.

Mimi ni mtu wa miche. Nina bustani ndogo na wateja wa miaka tisa, na karibu kila anayekuja kununua miti ya kupanda huishia kuniuliza nani atamwondolea kisiki cha ule aliokata. Arusha tumejaa mijakaranda, migrivea na mikaratusi iliyopandwa kando ya uzio enzi za wazee. Mti ukishakatwa, kinachobaki ni vijana watatu na sururu, shoka na jembe, siku mbili za jasho, na shimo la kufukia gari. Wengine humwaga oili chafu na kuchoma moto. Mkaratusi hausikii hayo, mvua ikinyesha unachipua upya. Nikaona kazi ipo.

Mfanyabiashara mmoja Dar es Salaam alikuwa ameleta kontena la vifaa vya bustani vilivyotumika Uingereza. Mashine ilikuwa ndogo, ile ya kushika mpini na kuiyumbisha mwenyewe kushoto na kulia, ina gurudumu moja la chuma lenye meno 12. Nililipa 7,200,000. Milioni nne zilikuwa akiba yangu, zilizobaki nilikopa kwenye kikundi chetu cha VICOBA, rejesho 130,000 kila wiki. Namba hiyo ya rejesho muiweke akilini, maana karibu kila kosa nitakalosimulia lilitokana nayo. Mtu mwenye rejesho la Ijumaa hasikii mashine inapolia.

Siku ya kununua, kijana wa pale alivuta kamba mara moja tu, injini ikaitika. Nikafurahi, nikatoa hela. Miezi miwili baadaye fundi aliniuliza, "Mama, ulipofika uliikuta ya baridi au ya moto?" Nikakumbuka kwamba niliegemea karibu na ekzosi nikahisi joto kabla haijawashwa mbele yangu. Walikuwa wameshaipasha. Injini iliyochoka huficha ugonjwa wake ikiwa na joto. Ukiiwasha ya baridi ndipo inapogoma, inapotoa moshi, inaposema ukweli. Kwa hiyo ukienda kununua, gusa injini kwanza. Ukikuta ina joto, kanywe chai, urudi baada ya saa mbili.

Yako mengine ambayo hayahitaji fundi. Chomoa waya wa plagi, shika gurudumu la meno kwa mikono miwili, litikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Likicheza, beringi zimekwisha. Fungua kifuniko cha mikanda uangalie kama ina nyufa au inang'aa pembeni kama kioo. Fungua nyumba ya ea klina, yaani kichujio cha hewa inayoingia kwenye injini. Hilo la mwisho nitalirudia, kwa sababu ndilo lililonila.

Jambo moja nililifanya vizuri, ingawa ilikuwa bahati tu. Injini yake ni Honda GX390. Wakulima wa mboga wana pampu za maji za ukoo huo, na jenereta nyingi za madukani zinatumia injini za ukoo huo. Spea zinapatikana mjini, na mafundi wanaoijua wapo hadi vijijini. Kama ningekuta injini ya jina geni, leo ningekuwa na tani ya chuma uani. Mtu akiniuliza aanzie wapi kuchagua mashine ya mitumba, namwambia aanze na injini. Mengine yote kwenye mashine hii yanaweza kuchongwa au kununuliwa kwa namba.

Ile Jumatatu ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Anayeiendesha ni mtoto wa kaka yangu, kijana mtulivu ambaye kabla ya hapo alikuwa dereva wa kirikuu. Tulisaga visiki vinne vya mgrivea, kila kimoja kama upana wa beseni, kwa 35,000 kimoja. Unaanzia ukingo ulio mbele yako, si katikati. Unashusha gurudumu sentimita mbili au tatu tu, unaliyumbisha taratibu upande mmoja hadi mwingine, unashusha tena, ukimaliza mstari huo unasogea mbele. Masikio yafanye kazi kuliko mikono. Injini ikianza kuzama sauti, umelisha kwa pupa, rudisha nyuma ipumue. Tunateremka hadi sentimita 15 au 20 chini ya udongo ili mteja aweze kupanda nyasi juu yake. Mwenye nyumba alisimama mlangoni na kikombe cha chai hadi kikapoa. Jioni nilihesabu 140,000 nikajiona nimetoka.

Wiki ya pili jiwe dogo liliruka kutoka chini ya gurudumu likapasua kioo cha mbele cha Noah ya mteja, iliyokuwa imeegeshwa hatua kama kumi na tano kutoka tulipokuwa. 350,000. Sikubishana, ningebishana vipi? Lakini usiku ule sikulala, na si kwa ajili ya hela. Dakika chache kabla, mtoto wa mwenye nyumba alikuwa amesimama kando ya gari lile akitutazama. Tangu siku hiyo hatuwashi mpaka watu na magari yawe mita 20 au zaidi, na tuna mbao mbili za plaiwudi tunazozisimamisha upande ambao gurudumu linatupia. Mwendeshaji anavaa miwani ya kazi, vizuia sauti vya masikioni na buti ngumu. Mimi mwenyewe nikija na khanga sisogei karibu. Na gurudumu haliachi kuzunguka papo hapo ukiachia klachi. Linaendelea kimya kimya. Tunasubiri lisimame kabisa, tunazima, tunachomoa waya wa plagi, ndipo mkono unaingia.

Wiki ya tatu tulikata bomba la maji la mteja, lile jeusi la plastiki, lililopita katikati ya mizizi kama uzi kwenye sindano. Gharama ilikuwa ndogo, 45,000, ila nyumba ilikaa bila maji siku nzima na mama mwenye nyumba alikuwa na msiba, na watu wengi nyumbani. Niliona aibu kubwa. Sasa tunatembea na mwenye nyumba kutoka kwenye mita hadi jikoni, hadi kwenye tangi, hadi chooni, tunachora njia ya bomba kwa majivu. Tunauliza pia habari za nyaya zilizofukiwa za taa za geti. Mara nyingi anayejua ni yule kijana wa bustani aliyezifukia, wala si mwenye nyumba.

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe.

Mwezi wa pili tulipata kazi upande wa Moshono, kiwanja cha mteremko. Mashine ikawa inazimika. Inafanya kazi dakika tano, kimya. Inawashwa, dakika tatu, kimya. Fundi wa kwanza alisema kabureta ni chafu, akaisafisha, 30,000. Ikazimika. Wa pili alisema kabureta imekufa, tukanunua mpya, na ufundi wake, 125,000. Nyumbani kwenye sakafu iliwaka saa nzima bila shida. Tukarudi Moshono, ikazimika. Rejesho la Ijumaa ile nililipa kwa hela ya miche.

Wa tatu alikuwa mzee anayetengeneza pampu za umwagiliaji. Hakugusa spana. Aliuliza tu, "Huwa inazimika ikiwa imesimama wapi?" Mtoto wa kaka akajibu, "Kwenye mteremko, mzee." Akaiweka sehemu tambarare, akachomoa kijiti cha oili. Kilitoka kikavu. Akatueleza kwamba injini hii ina kifaa ndani kinachokata moto wa plagi oili ikishuka chini ya kiwango, ili isijiue. Inabeba lita 1.1 tu, na yetu ilikuwa imebaki kidogo kiasi kwamba kwenye tambarare kifaa kiliridhika, lakini ikiinama oili ilikimbilia upande mmoja na kifaa kikakata. Kumbe mashine ilikuwa inajitetea, nasi tulikuwa tunaichapa.

Akatufundisha na kupima. Mashine iwe tambarare, kijiti ukipanguse, ukichomeke bila kukikaza kwa kuzungusha, ukichomoe usome. Oili ifike ukingoni mwa tundu la kumiminia. Sisi tulikuwa tukikikaza, kinazama zaidi, tunaona oili "ipo".

Nikadhani tumemaliza. Mzee akauliza swali la pili, ambalo mafundi wawili wa kwanza hawakuuliza kabisa: hiyo oili imekwenda wapi, wakati chini hakuna hata tone lililovuja?

Akafungua nyumba ya ea klina. Ndani panatakiwa kuwa na vitu viwili, sponji nje na karatasi iliyokunjwakunjwa ndani. Sponji haikuwepo, na sijui ilipotea Uingereza au Dar. Karatasi ilikuwa na tundu la kupitisha kidole cha mtoto, na tundu hilo tulilitoboa sisi. Kila Jumamosi kijana wangu aliipeleka gereji ipulizwe na upepo wa kompresa, ule wa kujazia matairi ya malori, akijua anaitunza. Mzee akaingiza kidole kwenye njia ya hewa, akanionyesha. Kilikuwa na mchanga. Anayelijua vumbi la Arusha la Agosti hadi Oktoba, lile jepesi linalopenya hadi kwenye kabati la nguo, aelewe kwamba injini yangu ilikuwa imelivuta miezi miwili. Mchanga ulikuwa umekwangua silinda, ringi zimelika, oili inapanda juu na kuungua. Ule moshi wa bluu wa asubuhi tuliokuwa tukiuona na kusema "inapasha", ndio ilikuwa oili yangu.

Silinda ikachongwa, tukaingiza pistoni na ringi za saizi ya juu (silinda ya kawaida ya injini hii ni milimita 88), vali zikasagwa na kupimwa nafasi zake injini ikiwa ya baridi, milimita 0.15 kwa inayoingiza hewa na 0.20 kwa inayotoa moshi. 780,000 na wiki tatu. Sponji mpya na karatasi yake hazikufika hata 40,000.

Kitabu cha injini kinasema ea klina isafishwe kila saa 50, na mapema zaidi penye vumbi. Kusaga kisiki ni vumbi mwanzo mwisho, kwa hiyo sisi tunaifungua kila siku ya kazi. Sponji inaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, inakauka kivulini, inalainishwa kwa oili safi kidogo na kukamuliwa. Karatasi inagongwagongwa taratibu kwenye ubao. Ikiwa bado imeziba hata baada ya hapo, inatupwa. Oili baada ya matengenezo tulimwaga kwenye saa 20, halafu kila saa 100 kama kitabu kinavyotaka, ingawa mimi naimwaga saa 50. Naiona rahisi kuliko pistoni. Plagi ni BPR6ES, nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8, na moja huwa mfukoni mwa kijana.

Meno nayo yana habari yake. Jino la mashine hii ni mwili wa chuma wenye ncha ya kabaidi, ngumu sana lakini inayovunjika kama kikombe ikikutana na jiwe. Na ardhi ya huku chini ya Meru ni mawe. Ndani ya wiki sita meno matano yalikuwa butu au yamekatika. Nilijua yamekwisha kwa kutazama kinachotoka. Jino kali hutoa vipande vya mti, jino butu hutoa unga na harufu ya kuungua, na mkono wa mwendeshaji huanza kusukuma. Tukajaribu kuyanoa kwa jiwe la kawaida la grainda. Kabaidi hainoleki hivyo, inahitaji jiwe la kijani la kazi hiyo au la almasi. Tulichofanya ni kuyapasha moto hadi mawili yakapata ufa.

Kisha nikafanya jambo ninalolijutia kuliko yote. Fundi wa kuchomelea, kijana hodari wa mageti, alisema anaweza kushikiza ncha mpya alizozitoa kwenye visu vya mashine ya kerezo, kwa shaba. Bei nzuri, siku hiyo hiyo. Yalipendeza kweli. Siku ya pili ncha moja ilichomoka gurudumu likiwa kwenye kasi, ikapita kando ya plaiwudi na kuzama kwenye nguzo ya mbao ya banda la ng'ombe. Tuliichomoa kwa koleo. Mtoto wa kaka alikaa chini, akasema, "Shangazi, hii ingekuwa ya mtu." Nikazima simu zote za wateja jioni ile.

Meno halisi 12 yaliagizwa Uingereza na kuletwa kwa ndege, pamoja na ushuru 640,000, wiki nne. Sasa nina sita za akiba wakati wote, na boliti zake. Boliti usinunue yoyote inayoingia tu. Zinazoshika meno zina namba ya uimara kichwani, kama 8.8, 10.9 au 12.9, nawe ukibadilisha weka namba ile ile uliyoikuta. Kila baada ya saa ya kwanza ya kazi na meno mapya tunazima na kuzikaza tena, maana huwa zinalegea zikikaa sawa.

Na kabla ya kusaga, tunafagia. Jembe linaondoa udongo na mawe kuzunguka kisiki upana wa mkono, brashi ya chuma inapita juu ya mizizi. Miti ya uzio ina jambo lake: imemeza seng'enge na misumari miaka ishirini iliyopita, na gome limefunika. Tunapitisha sumaku ya spika mbovu juu ya kisiki. Inashika mara nyingi kuliko nilivyodhani.

Mikanda na beringi havikunisumbua, na sababu ni mashine za kusaga nafaka. Mikanda ni ya aina ile ile ya V, namba zimeandikwa mgongoni, na duka lolote la spea za mashine za unga linayo. Ikiwa miwili, badilisha yote kwa pamoja, usichanganye wa zamani na mpya. Beringi nazo zina namba ubavuni, unakwenda na ile mbovu dukani unapewa mwenzake. Vyote na ufundi vilinigharimu 210,000, na tangu hapo tunapiga grisi kila asubuhi kabla ya kuwasha, gurudumu likizungushwa kwa mkono, hadi itokeze kidogo pembeni.

Bei pia nilijifunza kwa kuumia. Mteja alinitumia picha ya kisiki cha mjakaranda kwenye simu, nikamwambia 60,000. Tulipofika, juu palipopita msumeno palikuwa kama meza ndogo, lakini chini kwenye udongo kilikuwa na mita 1.4 pamoja na mabega ya mizizi. Siku moja na nusu, zaidi ya lita 20 za petroli. Petroli peke yake ilikula karibu bei yote. Siku hizi naomba picha yenye futi iliyolazwa chini kabisa, sehemu pana kuliko zote, na bei naitoa kwa sentimita. Swali lingine ninalouliza ni kama wanataka mabaki yaondolewe. Vipande vikichanganyika na udongo huvimba na kuwa lundo kubwa kuliko kisiki chenyewe. Kama mteja anataka kupanda mti mpya pale pale, vichotwe na udongo mzuri urudishwe, kwa sababu mbao mbichi zikioza ndani ya udongo hunyonya naitrojeni na mche unakuwa wa njano. Juu ya udongo, kama matandazo ya migomba, ni sawa.

Kijana ana daftari la shule la kurasa 48. Kila siku anaandika saa za kazi, lita za petroli, oili iliyoongezwa, jino lililogeuzwa au kubadilishwa. Niliposoma nyuma niliona kwamba tangu silinda ichongwe hatujaongeza oili katikati ya saa 50 hata mara moja.

Rejesho la mwisho nililipa Februari. Sasa ni Aprili, masika imeshika, udongo ni tope na mashine inazama. Tumefunga bomba la petroli na kuiacha injini ichome iliyobaki kwenye kabureta hadi ikajizima yenyewe, tumechomoa plagi na kumimina kijiko cha oili kwenye silinda, tumevuta kamba polepole mara tatu, plagi ikarudi. Gurudumu limepakwa grisi, mikanda imelegezwa. Mzee mmoja wa Usa River anapiga kila wiki kuulizia mkaratusi wake. Nimemwambia tutakuja kwanza na jembe na majivu, tutembee naye kutafuta bomba, na mashine itafuata Juni.